Umemaliza masharti na vitanzi, sasa umekwama: uzi kuhusu hatua ya kati ya sayansi ya kompyuta sekondari

#1 Mwanzisha uzi

Ndugu wanafunzi, walimu wenzangu na wazazi mnaofuatilia masomo ya watoto,

Kwa miaka kadhaa nimefundisha kompyuta kwa wanafunzi wa sekondari, na kila mwaka nashuhudia jambo lile lile. Mwanafunzi anaanza akiwa hajui hata kibadilika (jina linalobeba thamani ndani ya programu) ni nini; miezi michache baadaye ameandika kikokotoo, mchezo wa kubahatisha namba na programu ya kutafuta wastani wa alama za darasa zima. Kisha, akishamaliza masharti (fanya hili ikiwa lile ni kweli) na vitanzi (rudia hatua hizi tena na tena), somo linageuka. Programu yake ya mistari 200 haifanyi anachotaka, skrini haimwonyeshi kosa lolote, na yeye hajui aanze kutazama wapi. Wengi wanaofika hapo hujipa jibu moja kati ya mawili: ama kipaji hawana, ama lugha waliyoanza nayo ni mbovu, hivyo wanahamia nyingine na kuanza upya na vitanzi vile vile walivyokwisha kuvijua.

Nadhani tatizo liko kwingine. Hatua ya mwanzo humwachia mwanafunzi nafasi kubwa ya kubahatisha. Programu ya mistari 15 hurekebishika kwa kubadilisha alama hapa, kuongeza moja pale, na kuiendesha tena na tena mpaka ikubali. Hatua ya kati inaanzia pale ambapo mbinu hiyo inagonga mwamba, na kinachotakiwa badala yake ni kutabiri: kuutazama msimbo, yaani maandishi ya programu, kalamu mkononi, na kusema utatoa nini na kwa sababu gani, kabla ya kuuendesha. Mwanafunzi asiyeweza kufanya hivyo atakwama katika lugha yoyote atakayohamia.

Tuanze na mistari minne ya lugha ya Python, ambayo huwa nawapa wanafunzi wangu siku ya kwanza:

a = [1, 2, 3]
b = a
b.append(4)
print(a)

Mstari wa tatu unaongeza 4 mwishoni mwa b, na wa nne unachapisha a. Sehemu kubwa ya darasa husema itachapishwa [1, 2, 3], kwa kuwa walifundishwa kwamba kibadilika ni kisanduku, na kilichotiwa ndani ya kisanduku b hakiwezi kugusa kisanduku a. Jibu ni [1, 2, 3, 4]. Orodha ni moja tu kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na a na b ni majina mawili yanayoielekea orodha hiyo hiyo, kama mtu mmoja anayeitwa kwa jina lake nyumbani na kwa jina la utani uwanjani. Ukimpaka rangi nyumbani, uwanjani ataonekana na rangi hiyo hiyo. Mfano wa kisanduku ulitufaa tulipokuwa na namba tupu. Ukifika kwenye orodha na kamusi za data, ng'ang'ana nao na utapoteza siku nzima ukisaka kosa ambalo hukuliandika popote.

Jambo la pili linalowaangusha wengi ni fanksheni, yaani kipande cha programu chenye jina ambacho sehemu nyingine hukiita kifanye kazi, hasa tofauti kati ya kuchapisha jibu na kulirudisha. Kwa macho ya mwanafunzi mambo hayo mawili yanafanana kwa sababu yote humwonyesha namba kwenye skrini. Lakini fanksheni iliyochapisha imemwambia binadamu jibu. Haijaiambia programu chochote, na sehemu iliyoiita inabaki mikono mitupu. Katika Python itabaki na thamani ya None, yaani "hakuna kitu", na hesabu inayofuata itavunjika mahali ambapo hapana kosa. Nawasihi walimu wasikimbilie sura inayofuata kabla jambo hili halijaeleweka, kwa sababu fanksheni zinazojiita zenyewe, ambazo ndizo zinazofuata, husimama juu ya kurudisha thamani.

Hizi zinazojiita zenyewe zimewatia hofu wanafunzi wengi kuliko mada nyingine yoyote ninayoifahamu, na kwa maoni yangu hofu hiyo inatokana na kujaribu kuishika safari nzima kichwani kwa mpigo mmoja. Yashike mambo mawili: hali ndogo kabisa ambayo jibu lake linajulikana bila kuuliza tena, na namna swali kubwa linavyopunguzwa kulielekea hilo dogo. Ukisahau hali ndogo, fanksheni itajiita bila kikomo. Python kwa kawaida huikatisha ikikaribia miito 1,000 iliyopangana. Halafu lipo somo jingine ndani yake. Chukua mfululizo wa Fibonacci, ambamo kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia. Ukiiandika fanksheni kwa njia iliyo nyepesi kuliko zote, yaani kuita mbili zilizotangulia na kujumlisha, namba ya 30, ambayo ni 832,040, itahitaji miito 2,692,537. Kitanzi cha kawaida kingeifikia kwa hatua zisizofika 30. Chora matawi ya miito hiyo kwenye karatasi, hata kwa namba ya 5 tu, uone mwenyewe jinsi maswali yale yale yanavyoulizwa upya.

Hapo ndipo tunapoingia kwenye gharama, yaani kukadiria kazi inavyoongezeka kadiri data inavyoongezeka. Kwenye orodha ya vitu 1,000,000 iliyokwisha kupangwa, kutafuta kwa kuigawa nusu kwa nusu kunakufikisha kwenye jibu kwa hatua zisizozidi 20. Upangaji wa kulinganisha majirani wawili wawili, ambao karibu kila mwanafunzi huanza nao, unaweza kufanya milinganisho 49,995,000 kwa vitu 10,000. Upangaji wa kugawa na kuunganisha, ambao John von Neumann aliubuni mwaka 1945, hauzidi 124,000 kwa vitu hivyo hivyo. Kompyuta ni ile ile na lugha ni ile ile.

Na msidhani utafutaji wa nusu kwa nusu ni jambo la watoto. Mwaka 2006 ilibainika kwamba utafutaji uliokuwa ndani ya maktaba rasmi (misimbo iliyo tayari) ya lugha ya Java ulikuwa na kosa lililojificha kwa takribani miaka 9. Ili kupata katikati, msimbo ulijumlisha namba ya nafasi ya mwanzo na ya mwisho kisha ukagawa kwa mbili. Namba kamili ya kawaida katika Java haivuki 2,147,483,647. Orodha ikiwa kubwa mno, jumla inapita kikomo hicho na kugeuka kuwa hasi. Dawa yake ni kuchukua mwanzo na kuuongezea nusu ya tofauti. Nawapenda sana wanafunzi wanaouliza, "Je, orodha ikiwa kubwa mno?" Swali hilo wataalamu walilikosa kwa miaka yote hiyo.

Karibuni tujadiliane. Anayetaka kunipinga anipinge kwa mfano.

#2 Mchangiaji, mwanafunzi

Shikamoo mwalimu. Nimejifunza Python kwa mwaka mmoja, na kaka yangu aliye chuoni ananiambia kwamba bila Java au C++ sitakuwa nimejifunza kitu cha maana. Mitihani mingi nayo inataka lugha yake. Nihame au nibaki?

#3 Mwanzisha uzi

Marahaba. Mtihani ukitaka lugha fulani, jifunze hiyo; hapo hakuna mjadala. Lakini usichanganye lugha na somo. Tazama kozi ya sayansi ya kompyuta ya Advanced Placement, inayosomwa na wanafunzi wa sekondari nchini Marekani. Mtihani wake ulianza mwaka 1984 kwa Pascal, mwishoni mwa miaka ya 1990 ukahamia C++, na tangu mwaka wa masomo wa 2003 na 2004 umekuwa kwa Java. Lugha tatu zimepita, na bado wanafunzi wanaulizwa kuhusu orodha, kutafuta, kupanga na fanksheni zinazojiita. Aliyeelewa mambo hayo kwa Pascal hakulazimika kuyaelewa upya, alilazimika kujifunza namna nyingine ya kuyaandika.

Kaka yako ana hoja moja ambayo siwezi kuipuuza: lugha kama Java hukulazimisha kutamka aina ya kila data, na kulazimishwa huko humsaidia mwanafunzi kufikiri. Hata lile kosa la katikati ya orodha nililolieleza juu, Python ingekuficha usilione kamwe, kwa sababu namba zake kamili hukua kadiri kumbukumbu inavyoruhusu. Kwa hiyo lugha ya pili ina faida yake, ila ichukue baada ya kuweza kutabiri kwa ile ya kwanza, na uitumie kuandika upya programu unazozielewa tayari.

#4 Mchangiaji, mwalimu

Ndugu yangu, nimeusoma uzi wako kwa makini na sehemu kubwa nakubaliana nayo, lakini kuna hatari ambayo hukuigusa. Mimi pia nilikuwa nikiwapa wanafunzi karatasi wafuatilie msimbo mstari kwa mstari, nikapoteza nusu ya darasa kabla muhula haujaisha. Mtoto wa miaka 16 anataka kuona kitu kikisogea kwenye skrini. Ukimfanya mkaguzi wa mahesabu kabla hajaonja raha ya kuunda kitu chake, atakwenda kwenye somo jingine, na hutakuwa na wa kumfundisha kutabiri. Mimi huanza na mradi, na nadharia huja pale mradi unapoidai.

#5 Mwanzisha uzi

Nakushukuru, mwalimu mwenzangu, na nakiri kwamba nilivyoandika hapo juu mtu angeweza kudhani nataka darasa la karatasi tupu. Sitaki. Ninachokataa ni miradi isiyodai chochote kipya: mwanafunzi anaandika mchezo wenye masharti 80 yaliyopangwa juu ya mengine, anasifiwa kwa picha nzuri, kumbe amerudia somo la muhula wa kwanza mara 80.

Mradi ninaoupenda kuliko yote katika hatua hii ni wa kutoka kwenye mtego wa njia, yaani ramani ya miraba yenye kuta, mahali pa kuingilia na mahali pa kutokea. Mwanafunzi anahifadhi miraba ambayo bado hajaitembelea. Akiihifadhi kama rundo la sahani, ambapo ya mwisho kuwekwa ndiyo ya kwanza kuchukuliwa, programu itazama kwenye njia moja hadi igonge ukuta, kisha irudi nyuma. Akiihifadhi kama foleni, ambapo aliyetangulia kufika ndiye anayetangulia kuhudumiwa, programu itasambaa pande zote kama maji yaliyomwagika sakafuni, na njia itakayoufikia mlango kwanza itakuwa miongoni mwa zile zilizo fupi kabisa. Kinachobadilika kwenye msimbo kinaweza kuwa mstari mmoja tu. Nimewaona wanafunzi wakikaa kimya kabisa mbele ya skrini pale wanapobadilisha mstari huo na ramani ile ile ikajazwa rangi kwa namna nyingine kabisa. Kitu kinasogea, kama unavyotaka, na hakuna anayeweza kueleza kwa nini kinasogea hivyo bila kushika kalamu. Nadhani hapo mimi na wewe tunakutana, ingawa bado nitasisitiza watabiri rangi zitaanzia upande gani kabla hawajabonyeza.

#6 Mchangiaji, mzazi

Naomba kuuliza maswali mawili. Binti yangu anapenda kompyuta lakini hesabu zinamsumbua. Je, nimtie moyo au nimwonye mapema? La pili, siku hizi kuna programu za akili unde zinazoandika msimbo zenyewe. Haya mateso yote ya kufuatilia mstari kwa mstari yana faida gani?

#7 Mwanzisha uzi

Mzazi, kwanza mtie moyo. Hesabu ya hatua hii si ile ya kurasa na kurasa za milinganyo. Anahitaji mantiki, ambayo mizizi yake ya kialjebra ni kazi ya George Boole ya miaka ya 1840 na 1850. Anahitaji kujua kwamba kukanusha "A na B" ni sawa na kusema "si A, au si B", kanuni inayoitwa kwa jina la De Morgan, na ambayo kuikosea ndiko huzaa vitanzi visivyokoma. Anahitaji kuelewa logi ya kizio cha 2 kwa maana ya mara ngapi unaweza kuigawa namba kwa nusu hadi ibaki moja. Na anahitaji baki ya kugawanya, pamoja na mitego yake: baki ya -7 kwa 3 katika Python ni 2, lakini katika Java ni -1. Binti mwenye subira ya kuuliza kwa nini lugha mbili zinatofautiana hapo ana hesabu ya kumtosha kwa sasa, na inawezekana sana kwamba kompyuta ndiyo itakayompatanisha na hesabu nyingine.

Kuhusu akili unde, jibu langu ni fupi. Msimbo ulioandikwa na mashine unahitaji msomaji, na kusoma msimbo wa mwingine na kusema mapema utafanya nini ndiyo kazi yote niliyoizungumzia tangu mwanzo. Asiyeweza kutabiri hana namna ya kujua kama alichopewa ni sahihi au kinafanana tu na kilicho sahihi.

#8 Mchangiaji, mwanafunzi

Shikamoo mwalimu. Mimi nina tatizo la sasa hivi. Nataka kuondoa namba zote shufwa kwenye orodha. Nimeandika hivi (alama % hutoa baki ya kugawanya):

namba = [2, 4, 6, 7]
for n in namba:
    if n % 2 == 0:
        namba.remove(n)
print(namba)

Jana niliijaribu kwa [2, 3, 4, 5] ikanipa [3, 5], jibu sahihi kabisa. Leo inanipa [4, 7]. Sijabadilisha kitu isipokuwa namba zenyewe. Nimeiendesha zaidi ya mara kumi. Je, Python yangu imeharibika?

#9 Mwanzisha uzi

Marahaba. Python yako ni nzima, na mara ya kumi na moja itakupa jibu lile lile. Funga kompyuta kwa dakika 10. Chora jedwali lenye safu tatu: kitanzi kiko nafasi ya ngapi, n ni ngapi, na orodha imebaki vipi baada ya hatua hiyo. Kumbuka kwamba nafasi zinahesabiwa kuanzia 0, na kwamba kitanzi hakikumbuki namba kilizoziona, kinakumbuka nafasi tu. Sitakuambia zaidi ya hapo. Rudi na jedwali.

#10 Mchangiaji, mwanafunzi

Mwalimu, nimerudi.

Nafasi 0: n ni 2, inaondolewa, orodha inakuwa [4, 6, 7].
Nafasi 1: n ni 6, inaondolewa, orodha inakuwa [4, 7].
Nafasi 2: hakuna kitu, kitanzi kinakoma.

Kwa hiyo 2 ilipoondoka, 4 ilisogea nyuma ikachukua nafasi 0, wakati kitanzi kimeshapita nafasi hiyo. Haikuwahi kuangaliwa. Nimechora na la jana pia. Kwenye [2, 3, 4, 5] kilichorukwa kilikuwa 3 na baadaye 5, ambazo ni witiri, kwa hiyo zilistahili kubaki hata kama zingeangaliwa. Kumbe programu ya jana nayo ilikuwa na kosa, ila namba nilizochagua zililificha.

#11 Mwanzisha uzi

Hiyo sentensi yako ya mwisho nitaisoma darasani kesho, ukiniruhusu. Sasa irekebishe, lakini kabla ya kuiendesha andika hapa unatarajia itoe nini, na uchague orodha ambayo ingeiumbua programu ya zamani.

#12 Mchangiaji, mwanafunzi

Nimekuruhusu, mwalimu. Sitaondoa kitu tena kwenye orodha ninayoipitia. Natengeneza orodha mpya tupu na kuongeza humo zile ambazo si shufwa. Nimechagua [8, 8, 8, 8, 1]. Ya zamani natabiri ingetoa [8, 8, 1], kwa sababu ingeruka nane moja baada ya kila nane iliyoondolewa. Ya sasa natabiri itatoa [1].

Sasa naziendesha zote mbili.

Zimetoa hivyo hivyo.